Ncha ya Ulimi

Mama Perusi Chilongani alikuja na kikapu cha zabibu,
za mwisho, zimesinyaa kwa jua la Septemba,
akakiweka sakafuni kana kwamba ni kadi ya bima.
Natoka Mpunguzi, akasema. Lilikuwa shamba.
Sasa ni kitalu D.

"Moyo unanichafuka."
Nami, mkalimani wa miaka miwili ya darasani
kule juu kilimani Chuo Kikuu,
nikamtafsiria Daktari Luo neno kwa neno:
moyo wake umeingia uchafu.
Kichefuchefu tu, ndicho alichotaka kusema.
Lakini daktari alikwisha kuushika mkono wa kushoto,
vidole vitatu juu ya mshipa,
kile cha kwanza kikiusikiliza moyo,
macho kayafumba
kama mtu anayesikia redio ya jirani ukutani.

Moyo ni mfalme, akasema.
Hakimbii huku na huku. Hukaa.
Pafu ni waziri wake, ini jemadari,
wengu anashika funguo za ghala.
Yeye akikaa vizuri pale katikati
nyumba nzima inapata usingizi.

Nikatafsiri. Mama akacheka kwa pua:
"Huyo mfalme namjua. Kahamia huku na mafaili yake.
Alipokuja kukaa katikati
sisi tukasogezwa pembeni."

Hilo sikulitafsiri.

Tangu mwezi wa nne halali.
Na hapa kuna neno lao, *shen*,
ambalo mwalimu alitupa kama "roho"
na kamusi ikasema "mungu",
na mimi niliandika pembeni mwa daftari, kwa penseli:
kile kinachowaka machoni mwa mtu ukimwita jina.
Hulala moyoni, amejifunika damu.
Damu ikipungua, shuka linakuwa fupi,
miguu inabaki nje na baridi,
basi huamka, hutoka, huzurura.
"Anauliza unaota nini."
"Mwambie ndoto ni za wanaolala."

Sasa atoe ulimi, akasema daktari.

Nikasita.
Mwanamke wa miaka sabini, mama mkwe wa watu,
amtolee ulimi mwanamume mgeni
mbele ya mtoto kama mimi?
Nilisema kwa sauti ya chini, nikageukia ukutani,
kwenye mchoro wa mtu asiye na ngozi,
nikahesabu mishipa yake mpaka nikasikia:
Ncha ni nyekundu. Nyekundu sana.
Ulimi ni chipukizi la moyo, mzizi ukiungua huonekana pale.

Ulimi hauna mfupa, ndivyo tusemavyo.
Hatujawahi kusema una mzizi.

Na kwa kuwa ulikuwa nje tayari, haukurudi bure.
Shemeji ndiye aliyetia dole gumba.
Mizabibu mia tatu na kumi na miwili.
Waliihesabu wakiwa ndani ya gari, vioo juu,
wakaandika mia moja na themanini.
Aliyasema haya bila kupandisha sauti,
na mimi nikitafsiri nyuma yake, nikikimbia,
nikiangusha vitenzi njiani.

Pale kifundo cha mkono kinapokunjika,
upande wa kidole cha mwisho,
pana tundu dogo waliloliita Mlango wa Roho.
Nikamwambia jina hilo sindano ilipokuwa inasogea.
"Una komeo?" akauliza.
Daktari aliposikia swali
alisimama na sindano hewani,
na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na jibu.

Alilala.
Nje upepo wa Makole ulikuwa unasugua bati kwa mchanga.
Midomo yake ikaanza kusema Kigogo,
maneno mafupi, yamepangwa kwa mstari.
Anasema nini? daktari akanong'ona.
Mimi mtu wa Tukuyu. Kigogo changu ni salamu
na bei ya karanga.
Lakini kidole chake cha mwisho kilikuwa kinagonga kitanda,
kwa kila neno mara moja.

"Anahesabu," nikasema, na sikuwa na hakika.

Akavuta kiti. Nikavuta changu.
Tukangoja afike mia tatu na kumi na mbili.